Ugumu Hulipiwa na Magoti

Kwenye geti la Machame, la kupandia Kilimanjaro, kuna mizani, na asubuhi za msimu wa watalii mizani hiyo ndiyo bosi wa kila mtu. Mpagazi anasogea na begi la mgeni, au hema, mtungi wa gesi, trei za mayai, viti vya kukunja, chochote alichopangiwa. Kikizidi, kinapunguzwa anapewa mwingine. Kanuni ya hifadhi ni kilo 20 kwa mtu mmoja, mbali na nguo zake na vitu vyake vya kulalia. Kisha anapanda navyo kwa siku kadhaa: anamaliza msitu, anavuka Shira, anaukwea ukuta wa Barranco mkono mmoja ukishika mwamba na mwingine ukishika mzigo, hadi kambi ya Barafu, mita 4,673 juu ya usawa wa bahari. Kila asubuhi wageni wakishaondoka yeye anabaki kung'oa mahema, halafu anawapita njiani ili wakifika kambi inayofuata wakute kila kitu kimesimama na maji yamechemka.

Wenyewe huitana wagumu, na Moshi nzima inakubali.

Mjomba wangu alikuwa mmoja wao kwa miaka mingi, enzi ambazo mizani haikuwa na makali haya na mtu alibeba alichotwikwa. Mpwa wangu, mtoto wa dada, ni kizazi kingine kabisa. Yeye ni wa jimu ya mtaani huko Majengo, ile ambayo nusu ya vyuma vyake ni makopo ya rangi yaliyojazwa zege na kuunganishwa kwa bomba. Kifua kimejaa, shingo imezama mabegani, fulana zote zinambana. Wakikutana kwa mama Jumapili, baada ya machalari, ubishi ni uleule: nani mwenye nguvu kati yao?

"Babu, wewe hukuwa na nguvu. Ulizoea tu," mpwa humchokoza.

"Na wewe una mwili tu. Nguvu utazitafuta Shira, kichwa kinagonga na kambi bado saa nne."

Ubishi wao haujawahi kuisha. Ninachokiona ni kwamba sisi wasikilizaji huwa tunampa ushindi mzee haraka mno, na tunafanya hivyo kwa sababu zinazotufaa sisi.

Hoja ya mzee ni nzito, tusiipuuze. Mlimani misuli haiheshimiwi. Kwenye kilele cha Uhuru, mita 5,895, shinikizo la hewa ni kama nusu ya lile la pwani, kwa hiyo kila pumzi inakuletea kama nusu ya oksijeni uliyoizoea. Msuli mkubwa hautengenezi oksijeni, unaila. Desemba 2010 Martina Navratilova, bingwa wa tenisi mwenye mataji 18 ya Grand Slam ya mchezaji mmoja mmoja, alipanda Kilimanjaro kuchangisha fedha za hisani. Aliteremshwa kabla ya kilele, mapafu yameanza kujaa maji, akapelekwa hospitali Nairobi. Sawa, alikuwa na miaka 54 na mwaka huohuo alikuwa ametibiwa saratani. Lakini kaa na waongozaji jioni moja watakwambia wanaowapa kazi ni vijana wenye vifua. Mwili unahitaji siku kadhaa kuizoea hewa nyembamba, na mwenye nguvu huikimbia ratiba hiyo kwa sababu siku ya kwanza anaweza kukimbia. Anaambiwa "pole pole" anadhani ni salamu.

Tena ugumu wa mjomba ukiuangalia kwa karibu, sehemu kubwa ni ufundi. Hakai chini akichoka. Anatafuta jiwe linalomfika kiunoni, anauegemeza mzigo pale bila kuutua, anapumua, anaendelea, maana mwenye kukaa ana deni la kunyanyuka. Kwenye mwinuko hatua zake ni fupi na wayo mzima unakanyaga. Haongei akipanda. Sufuria ikianza kugonga ndani ya mzigo anafungua kila kitu na kukifunga upya, hata kama wenzake wanaondoka, kwa kuwa mzigo unaocheza unakuchosha ukiurudisha mahali pake hatua baada ya hatua.

Wanawake wa Uchagani wanaujua ufundi huu kuliko hao wapagazi, ila hawalipwi na watalii. Ng'ombe kwetu anafungiwa zizini ndani ya kihamba, yaani shamba la nyumbani, na majani yake mara nyingi yanatoka mbali, chini tambarare. Yanapanda mlima juu ya kichwa cha mwanamke. Bibi yangu alikuwa akitengeneza ngata kwa majani makavu ya mgomba: anayasokota, anayazungusha kwenye kiganja, anachomeka ncha ndani, anaikandamiza kwa goti ili ikae bapa. Ikiwa nene mno mzigo unayumba, ikiwa nyembamba utosi unauma. Halafu inakuja shughuli ya kutwikwa, na hapo ndipo penye hatari kuliko safari yenyewe. Watu wawili wanauinua mzigo mpana kuliko mwenyewe, anaingia chini yake amechuchumaa kidogo, shingo imenyooka, macho mbele, na anasimama kwa mapaja, kamwe si kwa mgongo. Akishasimama, kiuno ndicho kinachofanya kazi, na juu ya kiuno hakitikisiki kitu.

Sayansi ilikuja kulithibitisha hilo. Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha kazi ya mwanafiziolojia Mkenya, Geoffrey Maloiy, na wenzake. Waliwapima wanawake wa Kijaluo, wanaobeba kichwani, na wa Kikuyu, wanaobeba mgongoni kwa ukanda unaopita kwenye paji la uso, wakitembea na mizigo huku oksijeni wanayotumia inapimwa. Walikuta kwamba mzigo usiozidi asilimia 20 ya uzito wa mwili haukuwaongezea gharama ya nishati hata kidogo. Utafiti uliofuata mwaka 1995 ulieleza sababu: mtu akitembea mwili hupanda na kushuka kila hatua, na akina mama hao wakiwa na mzigo walipoteza nishati kidogo kuliko kawaida katika kupanda na kushuka huko. Wanajeshi na mabegi yao ya mgongoni hawakukaribia.

Habari hii hupendwa sana, na nimeiona ikisimuliwa kama ushahidi kwamba mwanamke wa Kiafrika kaumbiwa kubeba. Rudi kwenye ile asilimia 20. Mama mwenye kilo 60 anapata kilo 12 za bure. Ndoo ya maji ya lita 20 ni kilo 20, bado ndoo yenyewe. Zile nane zinazobaki anazilipia kama wewe na mimi tungezilipia, safari baada ya safari, na mzigo wa majani mabichi ni mzito kuliko ndoo. Watafiti waliozungumza na wabeba maji wa vijijini Limpopo, Afrika Kusini, walisikia malalamiko mengi ya shingo na mgongo. Sidhani kama wangefika huku wangesikia tofauti. Lakini mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, kwa hiyo sisi tunapiga picha, tunaandika "wanawake jeshi kubwa," tunaendelea na safari tukiwa mikono mitupu.

Hapo ndipo ninapoanza kuwa na shaka na sifa ya ugumu. Tunampa nani sifa hiyo? Angalia vizuri: tunampa yule ambaye hatuna mpango wa kumpunguzia mzigo.

Tulipokuwa tunamjengea mama jiko la nje, saruji ilishushwa barabarani kwa sababu lori halikuweza kuingia kwenye kichochoro. Mifuko ya kilo 50 ikabidi ibebwe hadi ndani, na njia ni ya kupanda. Fundi alikuja na saidia fundi wake, kijana mwembamba, mkimya. Mpwa naye akajitolea. Mnajua kilichotokea, kila mtu ana kisa kama hiki: baunsa alianza kwa mbwembwe, mfuko mmoja begani na mwingine kwapani, na kabla ya saa sita alikuwa chini ya mparachichi amenyoosha miguu, anaomba maji. Saidia fundi aliendelea na mwendo wake uleule mpaka mfuko wa mwisho, kisha akaanza kuchanganya zege. Mama alicheka mpaka machozi. Mjomba aliposimuliwa alijiona kashinda kesi.

Ila mimi nilikuwapo asubuhi ile wakati wa chai. Saidia fundi alitoa karatasi mfukoni, akabandua vidonge viwili vya diklofenaki, akavishushia na chai ya rangi na andazi. Nikamuuliza kama anaumwa.

"Hapana, kaka. Hii ni ya kazi. Bila hii mgongo haunyanyuki."

Kijana huyo hajafika miaka 35. Dawa hiyo ikinywewa kila siku inaweza kutoboa tumbo na kuchosha figo, na anayoinunua ni ya rejareja, dukani, bila daktari wala kipimo. Kesho yake mpwa aliamka amekakamaa kila kiungo, akala mayai, akalala mchana, siku chache baadaye akarudi kwenye makopo yake ya zege na akainua zaidi ya alivyokuwa akiinua. Saidia fundi kesho yake alikuwa kwenye eneo jingine la ujenzi, kwenye mifuko mingine.

Kilo 50 ni zilezile. Mwili wa binadamu hujenga nguvu kwa utaratibu ambao hauna siri: unaupa mzigo, unaulisha, unaupumzisha, na katika mapumziko ndipo unajengeka, kwanza neva zinajifunza kuita msuli mzima kazini, kisha msuli wenyewe unanenepa, na mwisho kabisa kano, ambazo ni wavivu wa kubadilika kuliko wote. Ondoa chakula na mapumziko kwenye mtiririko huo, uache mzigo peke yake, na mzigo uleule uliomjenga mmoja utamla mwingine. Ugumu ndio unaomwezesha kuendelea wakati analiwa. Ni kama ile mikopo ya simu: pesa inaingia sekunde hiyohiyo, unaonekana unazo, na makato yanakuja usiku ukiwa umelala.

Shirika la Kazi Duniani lilishapendekeza mwaka 1967 kwamba mwanaume mtu mzima asibebeshwe zaidi ya kilo 55 kwa mikono. Nenda soko lolote kubwa la nafaka uangalie magunia yanayopanda migongoni mwa makuli. Pale lumbesa, gunia lililojazwa kupita kipimo, ndiyo heshima ya soko, na kuli anayelalamika anaambiwa legelege.

Mlimani angalau kuna mizani. Haikuja kwa sababu wapagazi walilegea. Kulikuwa na watu waliopigania hilo, wakiwemo wa mradi wa kuwasaidia wapagazi wa Kilimanjaro, KPAP, ulioanza mwaka 2003, ambao pia huwaazima wapagazi majaketi na viatu bila malipo. Kwa nini mgumu aazimwe jaketi? Kwa sababu mlima huu umeua wagumu kwa baridi. Mjomba mwenyewe, ukimkuta bila wapwa wa kuwatambia, atakwambia kwamba alipanda misimu kadhaa na viatu vya mtumba vilivyomzidi namba, soksi amejazia magazeti, na kwamba katika hayo yote hakuona cha kujivunia. Ilikuwa ni kukosa viatu.

Nchi hii ina shujaa wake wa ugumu, John Stephen Akhwari wa Mbulu. Oktoba 1968, mbio ndefu za Olimpiki, Mexico City. Mji uko kwenye mita 2,240, chini ya kibanda cha Mandara kwa wanaoijua njia ya Marangu, lakini kwa kilomita 42 hewa ile inatosha kukumaliza. Akhwari alianguka njiani, akaumia goti na bega, akafungwa bandeji, akaendelea. Mamo Wolde wa Ethiopia alishinda kwa saa 2, dakika 20 na sekunde 26. Akhwari aliingia uwanjani giza limeshatanda, akichechemea, kwa saa 3, dakika 25 na sekunde 27, wa 57 na wa mwisho kati ya waliomaliza. Alivyosema kuhusu kwa nini hakuacha, kwamba nchi yake ilimtuma kumaliza mbio na siyo kuzianza tu, tumekaririshwa tangu shule ya msingi.

Sasa muulize Mtanzania yeyote: Akhwari alifanya nini tena? Kimya. Mwaka 1970, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Edinburgh, mtu huyuhuyu alikimbia mbio ndefu kwa saa 2 na dakika 15 na kuwa wa tano. Dakika tano haraka kuliko mshindi wa dhahabu wa Mexico, ingawa Edinburgh haina mwinuko ule. Yule aliyechechemea alikuwa mmoja wa wakimbiaji bora wa dunia wa wakati wake, mwenye mapafu na mapaja yaliyotengenezwa kwa mazoezi ya miaka. Tumeikumbuka bandeji, tukausahau mguu uliokuwa ndani yake. Nadhani bandeji inatuliwaza zaidi. Mguu kama ule ungetudai viwanja, makocha na chakula cha wanariadha.

Nyumbani hali ni hiyohiyo kwa sauti ya chini. Mama yangu mkubwa ni mtu mgumu kuliko wote niliowahi kuwajua, mjomba akiwemo. Amebeba majani miaka yote hiyo, amezika mume, amesomesha watoto kwa ndizi na maziwa. Mwaka jana binti yake aligundua kwamba bibi huyu hanywi maji kuanzia mchana. Akadhani ni kiu imepungua kwa uzee. Baada ya kubanwa sana ndipo akasema: choo ni cha kuchuchumaa, na akichuchumaa usiku hawezi kunyanyuka peke yake mpaka ajivute kwa mlango. Hakutaka kumsumbua mtu. Alikuwa amelivumilia jambo hilo kwa muda ambao hata yeye hakuweza kuutaja.

Ugumu wake ulikuwa mzima kabisa. Kilichokuwa kimeisha ni mapaja.

Msuli huanza kupungua polepole baada ya ujana, na baada ya miaka 60 kasi inaongezeka. Nguvu hupungua haraka kuliko hata unene wa msuli wenyewe. Mwaka 2015 jarida la The Lancet lilichapisha utafiti wa PURE, uliowabanisha kifaa cha mkononi watu karibu 140,000 katika nchi 17, Zimbabwe na Afrika Kusini zikiwemo, kisha ukawafuatilia kwa miaka. Kila pungufu ya kilo 5 katika mbano wa mkono iliambatana na ongezeko la asilimia 16 la hatari ya kufa, na mbano huo ulitabiri vifo vizuri kuliko namba ya juu ya presha. Usikimbilie kununua mpira wa kuminya. Kiganja kinatoa tu taarifa ya mwili mzima. Jambo la kutia moyo zaidi ni la zamani kidogo. Mwaka 1990 watafiti wa Boston waliwachukua wazee kumi dhaifu wa nyumba ya kulelea wazee, wastani wa miaka 90, wakawafanyisha mazoezi mazito ya mapaja kwa wiki nane. Nguvu za walioyamaliza ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Wawili wakaweka mkongojo pembeni. Siku hizi Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima wafanye mazoezi ya nguvu angalau siku mbili kwa wiki, na wenye miaka 65 na kuendelea waongeze yale ya nguvu na ya kuzuia mwili usiyumbe, angalau siku tatu.

Kwetu ukimwambia mtu kwamba mama mkubwa anafanya mazoezi ya nguvu wanakuangalia mara mbili. Si amefanya kazi maisha yake yote? Ndiyo, na kazi haikuwa na mapumziko wala mayai.

Aliyejitokeza, kwa mshangao wa familia, ni baunsa wetu. Binti yake mama mkubwa alishafunga bomba la kushikia ukutani chooni, na hilo lilikuwa la kwanza na la maana kuliko yote. Mpwa akaja na kiti cha plastiki. Akakiegemeza ukutani kisitereze, akaweka mto juu ili kimo kiongezeke na ugumu upungue, akamwambia, "Bibi, kaa, simama, bila kutumia mikono. Tano tu." Ya kwanza alishika meza. Mto ulipotolewa alilalamika. Siku hizi anashika mfuko wa mchele kifuani huku akifanya, na akinywa chai jioni anaomba na maji. Hajawa msichana. Ila chooni anakwenda mwenyewe.

Mjomba aliyaangalia haya yote akiwa kwenye benchi lake, magoti yote mawili yamevimba. Magoti yake hayakuharibiwa na kupanda. Yaliharibiwa na ile safari ya kuteremka, kutoka Barafu hadi geti la Mweka, karibu mita 3,000 za kushuka, kila hatua paja linafunga breki na goti linapokea mzigo. Mtaalamu wa fiziotherapia alimpa mazoezi ya mapaja yaliyofanana mno na yale ya kiti cha plastiki, na mpwa akamwalika jimu, akamwambia kuna mashine ya miguu ya kweli, elfu mbili kwa siku.

Mjomba alimwangalia muda mrefu.

"Mwanangu, miaka yote ile nililipwa kubeba vitu vikafika juu. Leo nikulipe wewe nibebe chuma ambacho hakiendi popote?"

"Babu, utalipiwa."

"Na chakula?"

"Mayai mawili."

Alhamisi alikwenda.